Sura Aliyoiruka

Mvua ya Juni ilikuwa imewasukumia watu wa katikati ya Jiji la Meksiko chini ya ardhi, kwenye ile njia ndefu inayounganisha stesheni mbili za treni, ambako maduka ya vitabu yamejipanga huku na huku. Miavuli ilichuruzika, wachuuzi wa peremende walipaza sauti, watu walipigana vikumbo wakiwahi treni. Katikati ya vurugu hizo mwanamke mmoja mwenye koti la mvua la manjano alisimama kama nguzo, kitabu mkono mmoja, mkono wa pili ukichota mbegu za maboga mfukoni na kuzipeleka mdomoni.

"Samahani, dada," ilisema sauti ya kiume ubavuni pake. "Hicho unakinunua, au unakimalizia hapo hapo?"

Mwanamke hakuinua macho. "Nakionja."

"Kitabu si supu."

"Ndiyo maana sijatumia kijiko."

"Lakini umekifungua katikati! Nani anaonja kitabu katikati?"

Hapo akainua uso. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, koti lake la kahawia limechakaa viwiko na mfukoni limejaa vumbi la chaki. "Mwanzoni kila mwandishi amevaa nguo za kanisani," akamwambia. "Ukitaka kumjua, mkute katikati, akiwa na ndala zake za nyumbani."

Mwanamume alicheka mpaka muuza duka akatoa kichwa. "Leobardo Tinoco," alisema, akinyoosha mkono. "Mwalimu wa jiografia. Na kitabu hicho nakitafuta tangu mwaka juzi."

"Fabiola Arrieta. Nafanya kazi duka la dawa. Na kitabu hiki nakinunua mimi."

"Basi nionee huruma."

"Nipe namba ya simu. Nikikimaliza nitakwambia kama kinafaa."

"Na kama hakifai?"

"Nitakuletea mwenyewe, bure."

Kilikuwa riwaya nene ya familia ya wachimba chumvi. Fabiola alikisoma kwa siku chache, kisha akampigia Leobardo. "Kinafaa," alimwambia. "Sahau." Leobardo akamwomba basi amsimulie angalau sura ya kwanza, mbele ya kahawa. Kahawa ile iliisha jioni, wahudumu wakiwa wamekwisha kupandisha viti juu ya meza.

Fabiola alikuwa msomaji wa aina yake. Alipenda riwaya za familia kubwa, zile ambazo ukifika katikati umeshazika mababu wawili na kuozesha mabinti watatu. Alipenda visa vya baharini, ingawa bahari yenyewe alikuwa ameiona mara mbili tu maishani. Alichukia kitabu ambacho mtu anahangaika kurasa nne, nawe unahangaika naye, halafu anaamka kumbe alikuwa anaota. Alisoma akioga, akipika, akiwa kwenye foleni ya mkate. Kitabu cha mapishi cha masista, alichokipenda kama mtoto anavyopenda blanketi lake, kilikuwa na madoa ya pilipili kila ukurasa, na alikisoma kitandani kama riwaya. Rafuni aliwapanga waandishi kwa tabia. Wachangamfu walikaa na wachangamfu, wanunaji na wanunaji, na mmoja mwenye majivuno alimpandisha juu ya friji, peke yake, "ajitafakari."

Leobardo yeye alipenda vitabu vyembamba, vya huzuni, ambavyo mtu anakunywa kahawa na kutazama dirishani. Hapo ndipo penzi lao lilipowaka. Kila jioni simu ililia.

"Leo zamu ya nani kusoma?"

"Yako. Jana nilisoma mimi, ukasinzia."

"Sikusinzia. Huyo bwana wako alikuwa bado anatazama dirisha, nikaona nimpe nafasi."

"Fabiola, yule mtu amefiwa!"

"Amefiwa mwaka wa tatu huu, mpenzi. Angetafuta kazi hata kitabu kisingekuwepo."

Waligombana hivyo kwa raha, kila mmoja akiwa chumbani mwake, na Jumapili wakagombana tena ana kwa ana katika bustani ya Santa María la Ribera, chini ya kibanda kile cha chuma chenye nakshi nyekundu na buluu, wazee wakicheza dansi pembeni. Ni pale, katikati ya ubishi kuhusu mwisho wa kitabu fulani, Leobardo alipombusu ili anyamaze. Fabiola alipopata pumzi alisema, "Bado hujanijibu." Leobardo akambusu tena.

Mwaka wa pili herufi zilianza kumkimbia Fabiola.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Kisha alidhani ni miwani. Kila alipolikazia neno macho, lile neno liliyeyuka, likawa doa la kijivu, huku yaliyo pembeni yakibaki wazi kama kawaida. Daktari alimwangalia kwa muda mrefu, akamuuliza kama kuna mtu kwao aliyewahi kupata tatizo hilo.

"Mama," Fabiola alisema.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katikati ya macho panakufa, pembeni panabaki. Utatembea, utavuka barabara, utajimiminia chai, na watu hawatajua. Ila kusoma hutasoma, na uso wa mtu hutauona. Dawa hakuna.

Alishuka ngazi za hospitali akimfikiria mama yake. Baba alikuwa amemtunza mama vizuri mno. Alimwogesha, alimlisha, alimshika mkono kila waendapo. Na tangu siku aliyopofuka, hakuwahi kumbishia tena. Mama aliweza kusema jua linatoka magharibi, baba akaitikia, "Ndiyo, kipenzi." Fabiola, msichana wakati huo, aliona jinsi mama alivyozeeka kwa zile "ndiyo."

Basi akanyamaza. Kwenye simu, zamu yake ilipofika, alisoma kwa kichwa kurasa alizozijua tangu ujana, na Leobardo akasifu jinsi sauti yake ilivyozidi kuwa tamu. Kazini aliendelea kwa kubahatisha rangi za pakiti, mpaka asubuhi moja alipompa bibi mmoja dawa ya moyo isiyokuwa yake. Bibi aligundua mwenyewe mlangoni, akarudi akicheka. Fabiola hakucheka. Jioni ile aliacha kazi, akamwambia Leobardo amechoka kusimama.

"Hata vizuri," alisema Leobardo. "Utapata muda wa kunisomea hiki."

Akamkabidhi bunda la karatasi lililotiwa jalada kwenye duka la fotokopi. Ilikuwa riwaya aliyoiandika alfajiri, kabla ya shule, tangu hawajajuana. Habari za mkuu wa stesheni katika mji ambao treni zimeacha kupita.

"Wewe ndiye wa kwanza. Ukisema hakifai, nakichoma."

"Usiwe mjinga."

"Nasema kweli. Sina msomaji mwingine ninayemwogopa."

Fabiola alikaa nacho mezani, kioo cha kukuzia kimemgusa pua, akifukuzana na neno moja moja, herufi nusu anaiona nusu anaikisia. Ukurasa mmoja ulimla jioni nzima. Kichwa kilimgonga, machozi yalilowesha karatasi. Angeweza kumwomba dada yake, Maricruz, amsomee. Lakini Maricruz, mwenye saluni ya kucha pale mtaani, alikuwa hajafungua kitabu tangu shule, na siri haikuwahi kulala kwake. Alifika ukurasa wa sita. Hapo akaweka kioo chini.

Leobardo alikuja Jumapili asubuhi na tamale za moto, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda yake. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alingoja Fabiola amimine kahawa.

"Haya. Nihukumu."

"Ni kizuri sana."

"Sana kiasi gani?"

"Sana, mpenzi. Kimenigusa."

Leobardo aliweka uma chini. Hakuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya kitabu chochote. Kwa kawaida Fabiola kitabu alichokipenda alikitukana kwa saa nzima.

"Pale dada yake anaporudi na treni ya asubuhi," alisema taratibu, "hukuona nimezidisha?"

"Hata kidogo. Pale nililia."

Mtaani muuza gesi alipita akiita.

"Fabiola, hakuna dada. Mkuu wa stesheni hana dada. Na treni hazipiti, ndiyo kitabu chenyewe."

Fabiola alihisi uso ukimchoma.

"Ulichoka ukurasa wa ngapi?"

"Wa sita," alisema, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilotamka asubuhi ile.

"Wa sita." Leobardo alisimama. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniambia ni takataka, ningeitafuna na kuimeza. Umewatukana watu wakubwa mbele yangu, nikakupenda kwa hilo. Mimi umenifanyia adabu. Kama jirani aliyekuletea keki mbaya."

"Leobardo, ngoja—"

"Ningoje nini? Niambie kitu kimoja cha kweli, nitakaa."

Na alingoja. Alisimama mlangoni, bunda lake kifuani, akingoja. Fabiola aligeuza kichwa pembeni, namna aliyojifunza, ili amwone kwa ukingo wa jicho. Leobardo alidhani anakwepa kumtazama. Neno lilikuwa ulimini. Akamwona baba yake, akasikia "ndiyo, kipenzi." Afadhali anichukie nikiwa mzima, alijiambia, kuliko anihurumie. Viatu vilishuka ngazi, na mlango wa chini ukafungwa.

Simu haikulia jioni ile, wala jioni zilizofuata.

Jambo la pili lililowatenga, Fabiola hata hakulijua lilipotokea. Alikuja kuambiwa baadaye. Jumapili moja, kwenye mnada wa vitu vikuukuu, Leobardo alimwona akija katikati ya watu na koti lake la manjano. Akajiambia, akitabasamu tu, nitamsamehe. Alisimama mbele yake, hatua mbili, akangoja. Fabiola alimtazama usoni moja kwa moja. Aliona doa la kijivu juu ya koti la kahawia, mtu mmojawapo kati ya mamia, akampisha, akaenda zake.

Leobardo alirudi nyumbani na kuandika sura nyingine.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata na kikapendwa. Kiliwekwa dirishani katika maduka yale yale ya chini ya ardhi, magazeti yakakisifu. Saluni kwa Maricruz wateja walianza kunong'onezana, wakinyamaza kila alipokaribia, mpaka mmoja akamwuliza, "Hivi yule wa kitabuni si dada yako?" Maricruz, ambaye Fabiola alikuwa amekwisha kumweleza yote, macho na zile kurasa sita, alikinunua, akakisoma akiwa amejifungia stoo, na alipotoka rangi zilikuwa zimemkaukia kwenye brashi zote.

"Usije ukamruhusu mtu akusomee kile kitabu," alimwambia Fabiola. "Nakuomba, dada yangu. Usiniulize."

Kisha, bila kumwambia, akaenda mpaka geti la shule saa za kutoka, akamsubiri Leobardo, akampigia kelele mbele ya wazazi na walimu wenzake.

"Wewe mwalimu! Umeshiba sifa? Yule mwanamke haoni! Unasikia? Haoni! Hakuchoka na kikaratasi chako, alikililia kila usiku na kioo usoni! Kaandike na hilo!"

Leobardo alifika nyumbani kwa Fabiola, Santa María la Ribera, akiwa bado na chaki vidoleni. Fabiola alimfungulia mlango, na kabla hajasema kitu alimjua kwa pumzi yake iliyokatwa na ngazi.

"Nani amekwambia?"

"Kwa nini hukuniambia?" Alikuwa analia waziwazi. "Niliuliza! Nilisimama pale pale nikakuuliza!"

"Nilitaka uendelee kugombana nami."

Alimshika uso kwa mikono miwili. Fabiola naye akamshika, akamsoma kwa vidole, paji la uso, nyusi, ndevu za siku mbili, na wote wawili wakakaa chini pale pale mlangoni. Jirani wa juu aliwaruka akiomba radhi.

"Nioe," alisema Leobardo. "Yaani, nikuoe. Sijui hata ninasema nini."

"Unaomba kwa huruma."

"Naomba kwa sababu tangu tuachane sijapata mtu wa kunitukania vitabu."

Fabiola alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Nisomee kitabu chako. Nilikwama ukurasa wa sita. Kikiisha nitakujibu."

Basi kila Alhamisi baada ya shule Leobardo alikuja na mkate mtamu, wakakaa karibu na dirisha, akasoma. Alisoma vizuri. Mkuu wa stesheni aliamka kila siku kufagia jukwaa lisilo na abiria. Mlinzi mzee, Chema, alimtania na kumpikia maharage. Fabiola alimpenda Chema kama mjomba wake. Alipinga, kama ilivyo desturi yake: "Hapa umerefusha. Huyu mke wake anaongea kama gazeti." Na Leobardo akasema, "Ndiyo, uko sahihi." Alhamisi iliyofuata tena, "Ndiyo, kweli, mpenzi." Fabiola alizisikia zile "ndiyo" zikianguka moja moja, akajilazimisha kutozihesabu, kwa kuwa mkono uliokuwa juu ya mkono wake ulikuwa na joto, na alikuwa amekaa peke yake muda mrefu.

Alhamisi moja Leobardo alikohoa, akafungua ukurasa, akaanza. Mkuu wa stesheni alikuwa amesimama mbele ya kaburi la Chema, akipalilia majani.

"Ngoja," alisema Fabiola. "Chema amekufa?"

"Ndiyo... alikufa."

"Lini? Wiki iliyopita alikuwa anapika maharage."

Fabiola alisikia kurasa zikipekuliwa nyuma, kisha mbele tena.

"Umeruka," alisema Fabiola.

"Ni sura fupi tu. Haina maana."

"Mtu anakufa humo, Leobardo. Soma."

"Usinilazimishe."

"Hiyo ndiyo sura Maricruz aliyotaka nisisomewe? Soma. La sivyo nitamwomba muuza gesi anisomee."

Akasoma. Ilikuwa sura ya tisa, na ndani yake alikuwemo mwanamke aitwaye Amparo. Amparo alikuwa na vitabu ukuta mpaka ukuta, na hajamaliza hata kimoja. Alivifungua katikati ili aonekane hodari. Alitafuna mbegu za maboga juu yake, akaenda navyo bafuni, akawasema waandishi kama watumishi wake. Alivaa koti la manjano lionekane kutoka mbali. Chema alipokufa, mji ulimwomba Amparo, msomi wao, asome sala kaburini. Alisimama na karatasi, akaigeuza huku na huku, akageuza kichwa pembeni, akabuni maneno mawili matatu. Kwanza mtu mmoja alicheka. Halafu mazishi yote yalicheka.

Leobardo alimaliza, akafunga kitabu. Chini bustanini muziki wa wazee ulikuwa unasikika.

"Niliandika kwa hasira," alisema. "Sikujua. Ile namna ya kugeuza kichwa, niliiona siku ile mlangoni, nikadhani... Sikujua, Fabiola."

"Najua hukujua." Alikuwa ameweka mikono yote magotini. "Ni nzuri."

"Usiniambie hivyo tena."

"Ni nzuri, nakwambia. Sura nyingine zote unamwogopa msomaji. Hii hukumwogopa mtu. Yule anayecheka wa kwanza, ni kinyozi?"

"Ndiyo."

"Angekuwa mjane. Kinyozi ni rahisi mno."

"Hapana!" Leobardo aliruka kwenye kiti. "Mjane akicheka mtu anamchukia mjane. Mimi nataka wamchukie..." Akasita.

"Amparo. Sema. Kinyozi bado ni rahisi."

"Kinyozi amenyoa kila kichwa pale kaburini! Akicheka yeye, wote wana ruhusa!"

"Basi ungetuambia hivyo mapema, si unatuachia tubahatishe!"

Walibishana hivyo kwa sauti, kwa mikono, mpaka Leobardo akacheka huku machozi yanamtoka, na Fabiola naye akacheka. Kwa muda mfupi walikuwa tena watu wawili wa kwenye simu. Halafu Fabiola akarudisha mikono magotini, na Leobardo akajua jibu la ombi lake ni hapana.

"Kwa ajili ya Amparo," alisema.

"Hapana. Amparo ningemsamehe. Ulikuwa umeumia, na mwandishi akiumia anauma." Alitafuta mkono wake, akaushika. "Leo umefungua kitabu mbele yangu, ukaruka, kwa sababu ulijua siwezi kuchungulia."

"Nilitaka usiumie!"

"Najua. Na kesho utaruka kingine nisiumie. Barua ya daktari, habari ya gazetini, mwisho wa kitabu. Nami nitakuwa nimekaa hapa maisha yangu yote, sisikilizi unachosoma, nasikiliza pale unaporuka."

"Sitaruka tena. Nakuapia."

"Nakuamini sasa hivi. Usiku utakapoingia nitaacha."

"Fabiola, nakupenda."

"Nami nakupenda. Ndiyo maana nakwambia kweli leo. Mara ile ulingoja mlangoni nikashindwa."

Leobardo alikaa mpaka mwanga ukapungua dirishani. Kisha alivaa koti lake, akambusu kwenye paji la uso, na mlangoni akauliza kama aje Alhamisi. Fabiola akasema hapana. Alipiga simu mara mbili wiki ile. Mara ya pili Fabiola aliiacha ilie mpaka ikachoka.

Maricruz ndiye aliyempeleka kwenye shule ya wasioona, jengo la zamani lenye harufu ya nta. Mwalimu, mwanamke mwenye mikono mikavu, alimwekea mbele kitabu cha watoto wa darasa la kwanza cha nukta nundu, akamshika kidole cha shahada akakiweka kwenye mstari wa kwanza. Kwa Fabiola zile nukta zilikuwa kama chumvi iliyomwagika mezani. Alirudi tena na tena. Vidole viliota sugu, shingo ikamkaza, wakati mwingine alilala na hasira akimlaani kila mtu, wa kwanza Leobardo, wa pili yeye mwenyewe. Yeye aliyekuwa akimaliza familia nzima ya wachimba chumvi kwa siku chache, alikaa vipindi viwili juu ya mstari mmoja.

Siku mstari ule ulipofunguka, Maricruz alikuwa pembeni akipaka rangi kucha zake.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Bata amelowa," alisema Fabiola.

"Bata gani?"

"Sijui. Bado sijafika."

Akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akausoma tena, polepole, bila kuacha nukta hata moja.